Mfupa ulivunjika, tukauunga, hakuna aliyeuliza kwa nini ulivunjika

Mama mkubwa wangu alianguka mlangoni kwake kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, akiwa na beseni ya nguo, na si kuanguka kwa nguvu, hakutoka juu ya mti wala hakugongwa na pikipiki, aliteleza tu pale kwenye jiwe la mlango, akatanguliza mkono chini ili ajizuie, mkono ukavunjika pale juu kidogo ya kiganja. Alikuwa na miaka 58. Majirani wakaja, pole mama, pole mama, njo matope ya Bukavu hii, mvua ikinyesha kila mtu anaanguka. Wakamwita mzee mmoja anayejua kuunga mifupa, akamkanda, akamfunga vijiti na vitambaa, baada ya wiki kadhaa mkono ukakamata, umepinda kidogo lakini anasonga bugali, anafua, anabeba. Basi, mambo yakaisha hivyo.

Mimi nilikuwepo, na wakati ule nilikuwa tayari nafanya kazi ya kinezi, wale tunaomsaidia mtu atembee tena baada ya kuvunjika au kupooza. Na hata mimi sikuuliza mbona mfupa wa mtu mzima umevunjika kwa kitu kidogo vile. Miaka 3 baadaye aliinua bidoni ya maji, akasikia kitu kimemchoma mgongoni, akalala siku nyingi, tukasema ni rimatisme tu, tukampaka mafuta ya moto. Miaka 4 tena ikapita, akaanguka usiku akienda choo, nyonga ikavunjika. Ni hapo sasa munganga mmoja kijana, yaani daktari, alitazama radio yake, ile picha ya mifupa, akageuka akatuuliza, "Huyu mama alikwisha kuvunjika mbele ya hapa?" Tukamwambia ndiyo, mukono, zamani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ile mukono njo ilikuwa inawaambia."

Neno alilotupa ni osteoporozi, na tangu siku ile nalisoma na kuliuliza kila mahali, juu naona watu wengi huku kwetu wanalo na hawajui, na wale wanaolisikia wanalichanganya na vitu vingine.

Ukienda kwa wauza nyama ukatazama mfupa wa ng'ombe uliopasuliwa, utaona nje ni gamba gumu, ndani ni kama sifongo, vijumba vidogo vidogo vyenye kuta nyembamba. Mfupa wa mtu ni hivyo hivyo. Osteoporozi ni pale vile vijumba vinapanuka, zile kuta zinakuwa nyembamba, nyingine zinakatika kabisa, na gamba la nje nalo linaliwa polepole kutoka ndani. Kwa nje mfupa unabaki na umbo lake, mkono ni mkono, mguu ni mguu, ila uzito wake na nguvu yake vimeondoka.

Na inatokeaje? Watu wanafikiri mfupa ni kama jiwe, ukishakomaa umekomaa. Hapana, mfupa ni kitu hai, na kila siku unabomolewa na kujengwa upya. Fikiria barabara ya udongo na makantonye wake, kundi moja linachimba sehemu iliyochoka, kundi lingine linakuja nyuma linajaza na kushindilia. Kwenye mfupa wachimbaji wanaitwa osteoklasti, wajazaji wanaitwa osteoblasti, na kwa kazi yao mifupa yote ya mwili inageuka mipya katika miaka kama 10 hivi. Ukiwa mtoto na kijana wajazaji wanawashinda wachimbaji, ndiyo maana mfupa unakua na kujaa, mpaka karibu miaka 30 unafikia ujazo wake wa juu kabisa. Baadaye makundi yanakwenda sawasawa kwa miaka, halafu wachimbaji wanaanza kuwatangulia wajazaji. Kwa hiyo mtu mwenye miaka 60 anaishi na akiba aliyoiweka kabla ya 30, toa kile kilichochimbwa bila kujazwa. Hatari zote nitakazosema hapa chini, ukizitazama vizuri, ni za namna mbili tu: ama zilikunyima akiba ulipokuwa kijana, ama zinawaongezea wachimbaji nguvu sasa.

Lakini kabla ya hatari nataka tutenganishe jambo moja, juu ndilo linalopoteza watu wengi. Osteoporozi haiumi. Mfupa ukipungua husikii chochote, hakuna homa, hakuna kuvimba, hakuna goti kulia ukiinuka. Yale maumivu ya magoti asubuhi, ya vidole, ya kiuno ukikaa sana kanisani, mara nyingi ni artrozi, yaani kusagika kwa ile gegedu laini inayofunika miisho ya mifupa kwenye viungo. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili, lakini dawa ya moja si dawa ya lingine. Huku kwetu vyote tunaviita rimatisme, ndipo mama wa miaka 60 anameza vidonge vya maumivu miaka na miaka kwa ajili ya goti, na wakati huo huo uti wake wa mgongo unabomoka kimya na hakuna anayeutazama. Osteoporozi inaanza kuuma siku mfupa umevunjika, na hata hapo si kila mara: pingili za mgongo zinapobonyea, karibu mbili kati ya tatu hazigunduliwi wakati zinapotokea, mwenyewe anafikiri ni mgongo wa uchovu.

Mifupa inayovunjika sana ni mitatu, na mara nyingi inakuja kwa zamu ile ile aliyopitia mama mkubwa. Kwanza mkono karibu na kiganja, kwa watu wa miaka 50 na kitu ambao bado wana wepesi wa kutanguliza mkono. Halafu pingili za mgongo. Mwisho nyonga, kwa wazee ambao sasa wanaanguka kama gunia, kwa ubavu. Nyonga ndiyo mbaya kuliko yote, duniani karibu mtu 1 kati ya 5 waliovunjika nyonga uzeeni anafariki ndani ya mwaka mmoja, si juu ya mfupa wenyewe ila juu ya kulala: mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, vidonda vya mgongoni vinaoza, misuli inaisha. Na hiyo ni hata kule ambako wanafanyiwa operesheni haraka.

Sasa hatari. Ya kwanza ni kuwa mwanamke aliyeacha kuona siku zake. Homoni ya kike inayoitwa estrojeni ndiyo inayowafunga kamba wale wachimbaji, sasa hedhi ikikoma, kwa wengi karibu na miaka 50, estrojeni inashuka ghafla na wachimbaji wanafunguliwa. Katika miaka 5 mpaka 7 ya kwanza baada ya hapo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake. Ndiyo maana inahesabiwa kwamba baada ya miaka 50, duniani, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 watavunjika mfupa kwa sababu hii. Na kama hedhi ilikoma mapema, kabla ya miaka 45, hatari inaongezeka, juu miaka ya kuchimbwa inakuwa mingi zaidi. Hapa niwaombe akina mama waliofanyiwa operesheni ya kutolewa kizazi, na huku Kivu wako wengi: ulizeni kama walitoa kizazi peke yake au na vifuko vya mayai pia. Kizazi peke yake ni jambo moja, lakini wakitoa vifuko vyote viwili na wewe una miaka 35, estrojeni imekatika siku ile ile, na mifupa yako imeanza kuzeeka miaka 15 kabla ya wenzako. Wengi hawakuambiwa walitolewa nini, ni haki yako kuuliza.

Kuna hofu nyingine nasikia kila wiki, eti kuzaa watoto wengi na kunyonyesha ndiyo kumemaliza mifupa. "Batoto munane banikula mifupa yote." Ni kweli kwamba ukinyonyesha mwili unachota kalsiamu kwenye mfupa, mama anaweza kupoteza asilimia 3 mpaka 5 ndani ya miezi michache, lakini akimwachisha mtoto mfupa unajijaza tena, na tafiti kwa jumla hazijaona kwamba mama wa watoto wengi anavunjika kuliko wengine. Tusiwape akina mama mzigo wa hatia ambao si wao.

Mzigo wa kweli ambao hatuusemi ni kortizoni. Hapa nitakaa kidogo maana linaniuma. Kuna wadada na akina mama wananunua deksametazoni au prednizoloni farmasi bila karatasi ya munganga, vidonge vidogo vya bei ya chini, wanameza ili wanenepe, mashavu yajae, watu waseme kwamba maisha yanamwendea vizuri. Kuna wengine wanaumwa magoti wanapewa kidonge "cha kukata maumivu mara moja", wanapona siku ile ile, wanarudi kukinunua kila mwezi bila kujua ni nini. Kortizoni ni dawa nzuri na inaokoa watu, mwenye asma kali au magonjwa fulani anaihitaji, lakini inafanya mambo mawili kwa pamoja kwenye mfupa: inaua nguvu ya wajazaji na inawarefushia maisha wachimbaji. Wataalamu wanaihesabu kuwa hatari ikifika miligramu 5 za prednizoloni kwa siku kwa miezi 3 au zaidi, na upotevu mkubwa unatokea mwanzoni kabisa, kwenye miezi 3 mpaka 6 ya kwanza. Zile krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli nazo ni jamii hiyo hiyo, zikipakwa mwili mzima miaka mingi dawa inapenya ngozi na kuingia damuni. Lakini sikilizeni vizuri, kama umekwisha kuzimeza kwa muda mrefu usiache ghafla leo kwa sababu umesoma hapa, mwili unakuwa umesahau kutengeneza kortizoni yake na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya sana hata kukuua. Nenda kwa munganga, mwambie ukweli, atakushusha polepole.

Kuna dawa nyingine mbili lazima nizitaje kwa uangalifu. Sindano ya uzazi wa mpango ile ya miezi 3 inapunguza kidogo ujazo wa mfupa wakati unaitumia, na kwa wengi ujazo unarudi ukiiacha, OMS, Shirika la Afya Duniani, haijaikataza kwa sababu hiyo kwa wanawake wa miaka 18 mpaka 45. Na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, hasa tenofovir ya zamani, zinapunguza mfupa kiasi katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Hakuna anayepaswa kuacha dawa hizo. Dawa ya virusi inakupa uhai, kisha ndani ya huo uhai unalinda mfupa kwa njia nyingine. Nimezitaja tu ili zihesabiwe pamoja na mengine, juu hatari hizi zinajumlishana, moja peke yake inaweza kuwa ndogo, lakini tano zikikutana kwa mtu mmoja ni jambo lingine.

Na damu nayo ina neno lake. Kama baba au mama yako alivunjika nyonga uzeeni, wewe uko kwenye hatari kuliko jirani yako. Mtu mwembamba sana pia, yule ambaye uzito wake umebaki mdogo miaka yote, au aliyekonda kwa njaa na kukimbiakimbia vita akiwa kijana wakati ule wa kuweka akiba. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, ugonjwa wa figo, vyote vinahesabiwa. Lakini kubwa kuliko yote baada ya umri ni hili: umekwisha kuvunjika mara moja, baada ya miaka 50, kwa kuanguka kutoka kimo chako tu. Aliyevunjika hivyo mara moja ana hatari karibu mara 2 ya kuvunjika tena, na hatari hiyo ni kali zaidi miaka 2 ya kwanza. Ule mkono wa mama mkubwa, kama mtu mmoja tu angeuliza.

Wanaume wasifikiri maneno haya ni ya akina mama. Mwanamume anaanza na mfupa mnene zaidi na hana ule mteremko wa ghafla, lakini anashuka polepole, na kuna vitu vinamwongezea mteremko. Tumbaku, kwanza. Halafu pombe. Wataalamu wanasema hatari inaanza kwenye unit 3 za pombe kila siku, na watu wanasikia hilo wanafikiri ni mtu wa kulala barabarani, kumbe chupa moja kubwa ya bia ya santilita 72 yenye asilimia 5 ya pombe ni karibu unit 3 hizo hizo. Chupa mbili kila jioni umepita mbali, na kasiksi na kanyanga, zile pombe za kienyeji, hakuna anayepima. Pombe inawazuia wajazaji, inashusha homoni za kiume, na usiku inakuangusha kwenye ngazi. Wazee wanaotibiwa kansa ya prostate kwa dawa za kukata homoni nao waulize kuhusu mifupa yao, hali yao inafanana na ya mwanamke aliyekoma hedhi kwa siku moja.

Chakula nacho. Mtu mzima anashauriwa kupata karibu miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke akipita 50 iwe 1200. Glasi ya maziwa inatoa kama 300. Wengi wanakata tamaa hapo, maziwa ni ghali, jibini ya Masisi ni ya kununua siku ya sikukuu. Lakini sisi wa ziwa Kivu tuna sambaza! Yule samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tunamla mzima na mifupa yake, na ukimkausha gramu 100 zake zinaweza kupita mahitaji ya siku nzima. Tatizo ni wale wanaotoa kichwa na miiba kwa sababu ya mdomo mzuri, wanatupa kile hasa tulichokuwa tunakitafuta. Sombe, yale majani ya muhogo, inasaidia, mashanza, maziwa ya mgando, inasaidia, maharagi kidogo. Lengalenga ina kalsiamu nyingi ila ina kitu kinachoifunga isiingie vizuri mwilini, usiiache, usiitegemee peke yake. Na bugali ya muhogo peke yake na mchuzi mwepesi haitoshi, mfupa unahitaji protini na misuli inayoushika inahitaji protini, mzee anayekula bugali na majani kila siku anaisha misuli kwanza halafu anaanguka.

Ila nisiwadanganye kwamba kalsiamu ndiyo kila kitu. Kule Keneba, Gambia, watafiti wamefuatilia wanawake wa kijijini kwa miaka mingi sana, wanawake wanaopata kama miligramu 300 mpaka 400 tu kwa siku, na kuvunjika mifupa kwao kulikuwa nadra. Wanatembea sana, wanalima, mwili wao umezoea kushika kidogo unachokipata. Kwa hiyo yule anayekuuzia kopo la kalsiamu la dola nyingi akisema litarudisha mifupa ya mama yako, mwulize maswali. Kalsiamu ni mchanga na simenti, bila wajazaji wa kufanya kazi inabaki lundo kando ya barabara.

Vitamini D ndiyo inayoipitisha kalsiamu tumboni, na jua ndilo linaloitengeneza kwenye ngozi. Tuko karibu na ikweta, jua la Bukavu ni kali, kwa mtu anayetoka nje halina shida. Shida ni bibi aliyewekwa chumbani miezi na miezi "apumzike", tena ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi juani. Mtoe nje, mikono na miguu ionekane.

Sasa mizigo. Mnawajua akina mama wanaobeba magunia kwa kamba ya kichwani wakipanda mlima kutoka ziwani mpaka sokoni, mizigo ambayo mara nyingi inapita kilo 50. Watu wanasema mzigo ndio umewapinda mgongo. Ni ngumu kidogo. Kutembea na kubeba uzito wa mwili kunajenga mfupa, osteoblasti zinaamka mfupa ukisukumwa, na aliyepanda vilima vya mji huu tangu utotoni ameweka akiba ambayo mtu wa kukaa ofisini hana. Lakini mfupa ukishakonda, kuinama mbele na kilo 50 mgongoni kunabonyeza pingili zilizokuwa tayari zimelegea, na pingili ikibonyea hairudi. Kwa hiyo kazi ile ile iliyomjenga akiwa na 25 inaweza kumvunja akiwa na 60, na yeye hana mtu wa kumwambia ni mwaka gani aache, na hata akiambiwa, atakula nini. Hapo sina dawa, nasema tu vile ninavyoona, na kama una mama anayebeba na una uwezo wa kumwanzishia biashara ya kukaa, hiyo nayo ni kinga ya mfupa.

Kuna waliokuwa wanasema osteoporozi ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli watu weusi kwa wastani wana mifupa mizito kidogo na kuvunjika nyonga kumekuwa kuchache kwetu. Lakini Afrika Kusini walipopiga radio za mgongo za wanawake weusi na weupe wenye umri mmoja, pingili zilizobonyea zilionekana kwa wote karibu sawa. Na sababu mojawapo ya kuona chache zamani ni kwamba watu hawakufika miaka hiyo ya kuvunjika, au walivunjika wakafa nyumbani, na aliyekufa nyumbani hakuandikwa popote.

Jihadhari na upande wa pili pia, si kila mgongo uliopinda ni osteoporozi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo sana huku kwetu, nacho kinapinda mgongo, ila mara nyingi kinakuja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, miguu kufa ganzi. Kansa iliyosambaa nayo inavunja pingili. Maumivu ya mgongo yasiyolala usiku, pamoja na kukonda, ni ya kwenda lopitalo haraka.

Utajuaje basi? Kuna mashine ya kupima ujazo wa mfupa, inaitwa densitometri, tangu 1994 OMS ilikubaliana kwamba ukilinganishwa na mfupa wa kijana mzima, ukiwa na alama ya -2.5 au chini ya hapo una osteoporozi. Wengi wetu hapa hatujawahi kuiona mashine hiyo. Radio ya kawaida haitoshi, mpaka mfupa uwe umepungua karibu theluthi ndipo radio inaonyesha wazi, ingawa pingili iliyobonyea inaonekana. Lakini kuna hesabu inaitwa FRAX, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Sheffield kule Uingereza mwaka 2008, inayouliza umri, uzito, kimo, kuvunjika kwa zamani, nyonga ya wazazi, tumbaku, pombe, kortizoni na kadhalika, na inaweza kufanywa hata bila mashine. Ona vile maswali yake ni yale yale tuliyoyapitia hapa.

Na nyumbani kuna ukuta. Msimamishe mama ukutani, visigino na makalio yakigusa, atazame mbele. Kama nyuma ya kichwa haifiki ukutani, inawezekana pingili zimebonyea. Kama amepungua sentimita 4 au zaidi kutoka kimo chake cha ujana, hivyo hivyo. Mama mkubwa alikuwa analalamika kwamba fundi amemshonea vibaya, robo zake zote, yaani magauni, zinaburuta mbele na zimeinuka nyuma. Fundi hakuwa na kosa.

Dawa zipo, na hili watu hawalijui kabisa. Alendronati ni kidonge 1 cha miligramu 70 kwa wiki, inawatuliza wachimbaji, na kwa wanawake waliokwisha kuvunjika ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa karibu nusu. Inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na glasi nzima ya maji, na unabaki umekaa wima au umesimama nusu saa bila kula wala kulala tena, la sivyo inachoma koo. Kuna nyingine ya kutiwa kwenye mshipa mara 1 kwa mwaka. Figo ziangaliwe kwanza, meno mabovu yatibiwe kwanza, na munganga ndiye anayeamua.

Kuna na upande wa kuanguka wenyewe, na kwa mji kama wetu ni nusu ya kazi, juu mfupa mwembamba usioanguka mara nyingi hauvunjiki. Nikienda nyumba za wagonjwa naangalia njia ya choo kabla ya kuangalia mguu. Choo kiko nje, chini ya mteremko, umeme umekatika, amevaa kambambili iliyokwisha kukatika ikafungwa na waya, kikwembe kimefunguka, na mtoto wa jicho umemfunika jicho moja. Taa ndogo ya sola mlangoni, kamba nene au mti wa kushika pale kwenye mteremko, ndoo ya usiku chumbani bila aibu, viatu vyenye kamba nyuma, kuangaliwa macho, kupunguza dawa za usingizi, kukaa kidogo kitandani kabla ya kuinuka kama anatumia dawa za presha. Na kumfundisha kusimama kwa mguu mmoja akishika meza, kila siku kidogo, na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono mara 10. Nimewaona wa miaka 75 wakirudi kupanda ngazi zao.

Mama mkubwa anatembea na fimbo sasa, hapandi tena mpaka sokoni. Binti yake, dada yangu, amefikisha 47. Siku zake zimeanza kuruka miezi. Mama yake alivunjika nyonga. Ni mwembamba tangu utoto. Miaka 2 iliyopita alimeza deksametazoni kwa miezi kama 5 kabla ya harusi ya mdogo wake, aliniambia juzi kwa sauti ya chini. Hajavunjika popote. Tulihesabu pamoja mezani, nikamsimamisha ukutani nikaweka alama ya kalamu juu ya kichwa chake na tarehe, na Alhamisi tunakwenda kumwona yule munganga kijana.